Muhogo uliopata nafuu wenyewe, na maswali mengine

Toleo lililopita niliandika kwamba mmea hauna damu wala chembe nyeupe, lakini una namna yake ya kumshika adui asiyeonekana, na kwamba kazi hiyo imo mikononi mwa protini ziitwazo argonauti. Barua zilizokuja ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo lilelile. Nimechukua tano. Zilizokuwa ndefu nimezipunguza, majina nimeyaondoa kama mlivyoomba.

Mwalimu, salaam. Shamba langu la muhogo lilishikwa na batobato wakati wa vuli. Majani yalijikunja yakawa na mabaka ya njano, nikasema basi tena. Sasa majani ya juu yanatoka mapana, kijani kitupu, utadhani si mmea ule. Jirani anasema ni samadi niliyoweka. Bwana shamba anasema ng'oa yote. Je, umepona? Na pingili zake nipande msimu ujao? (Mkulima, Muheza)

Mzee wangu, salaam na kwako. Samadi imeulisha mmea, haikuutibu. Bwana shamba ana sababu yake, nitaifikia.

Virusi vya batobato huletwa na inzi weupe. Nilipokuwa nafanya kazi maabara tulikuwa tunaingia shambani alfajiri, kabla jua halijawachangamsha, tunageuza polepole majani matano ya juu ya kila mmea na kuwahesabu upande wa chini. Ukigeuza kwa haraka wanaruka, hesabu imeharibika, unaanza upya na mmea mwingine. Inzi akifyonza mmea mgonjwa kisha akahamia kwenye mzima, virusi huingia, na ndani ya seli huanza kuzaliana. Kuzaliana huko ndiko kunakovifichua.

Jeni yoyote iliyoandikwa kwa DNA, yaani maandishi ya asili ya urithi, iwe ya mtu, ya mmea au ya virusi kama hivi, haifanyi kazi mpaka inakiliwe kwanza katika RNA. Nakala hiyo ndiyo seli huisoma ili itengeneze protini. Kwa kawaida nakala ni uzi mmoja wa herufi nne za kikemia, A, U, G na C, zilizofuatana. Virusi vikizaliana kwa pupa, nyuzi zao hukutana na kushikana mbilimbili kwa urefu, na RNA ya nyuzi mbili ndefu ni kitu ambacho seli yenye afya haina haja nacho. Mmea una kimeng'enya kiitwacho Daisa ambacho huikamata na kuikatakata vipande vya herufi 21, 22 au 24. Vipande hivyo vyenyewe havimdhuru mtu. Vikiachwa hivihivi vitaoza.

Hapo ndipo argonauti huingia kazini. Huchukua kipande, hutupa uzi mmoja kati ya viwili, hubaki imeushika ule mwingine: mwanzo wa uzi umepachikwa kwenye kishimo upande mmoja wa protini, mwisho wake umebanwa upande wa pili, na baadhi ya herufi zimeachwa wazi zikitazama nje. Mfikirie mama aliyeshuka Kariakoo na kipande cha kitambaa mkononi, anatafuta cha kuendana nacho. Hajali jina la duka wala maneno ya muuzaji. Analinganisha tu, duka baada ya duka. Argonauti nayo huzunguka ndani ya seli ikigusisha kipande chake kwenye kila RNA inayokutana nayo, ila yenyewe haitafuti kinachofanana bali kinachokamilishana: A hushikana na U, G hushikana na C. Hujaribu kwanza herufi ya pili hadi ya nane. Zikikataa, inaachia na kuendelea. Zikikubali, hujaribu zilizobaki, na zikilingana vizuri argonauti huikata RNA ile mahali pamoja tu, mkabala na nafasi iliyo kati ya herufi ya 10 na ya 11. Vipande vilivyokatwa inaviachia vikaoze. Kipande chake chenyewe inabaki nacho, inakwenda kutafuta mwingine.

Naomba hili lishikwe vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu barua zote za leo zinarudi hapa: argonauti haimjui adui. Haijui virusi ni nini. Inafuata kipande ilichopewa. Ikipewa cha virusi itakata virusi. Ikipewa cha jeni ya mmea wenyewe, itainyamazisha hiyo jeni ya mmea wenyewe.

Batobato ina ugumu wake wa ziada. Virusi vyake vimeandikwa kwa DNA, kwa hiyo hata nakala za RNA zikikatwa zote, maandishi ya asili yamebaki salama ndani ya kiini cha seli. Lakini mmea hautegemei argonauti moja. Arabidopsis, mmea mdogo unaopendwa sana maabara, una argonauti 10, ziitwazo kwa kifupi AGO1 hadi AGO10. AGO1 hupendelea vipande vya herufi 21 vinavyoanza na U, nayo ni mkataji. AGO4 huchukua vya herufi 24, hasa vinavyoanza na A, na huvitumia kuifikia DNA yenyewe: huongoza vimeng'enya vinavyobandika alama za kikemia ziitwazo methili juu ya maandishi mpaka yasisomeke. Arabidopsis isiyo na AGO4 ilipoambukizwa virusi vya ukoo huo vilivyopunguzwa makali, haikupata nafuu ambayo wenzake walipata.

Na vipande husafiri. Hupita kutoka seli hadi seli, kisha hufuata mishipa ya chakula kuelekea kwenye machipukizi, hivyo jani changa likifunguka linakuta argonauti zake tayari zina cha kufanyia kazi. Watafiti waliopima muhogo uliopata nafuu namna ya wako waliukuta umejaa vipande vidogo vya virusi. Majani ya chini yalishaharibika kabla silaha haijafika, nayo hayatengenezwi upya.

Kwa hiyo, mzee wangu, virusi havijaisha, vimebanwa. Bwana shamba anawafikiria majirani zako, maana inzi weupe bado wanaweza kuvichota shambani mwako. Kama mimea iliyougua ni michache, mtii. Kama ni shamba zima na nyumba inalitegemea, liache likomae mle. Pingili usichukue hapo. Katika aina zenye ukinzani kuna pingili zinazotoka safi kabisa kwenye mmea uliougua, lakini kwa macho huwezi kuijua ni ipi. Chukua mbegu kwenye mmea ambao haukuonyesha dalili tangu ulipochipua.

Na kwa kuwa wewe uko Muheza, chini ya kituo cha utafiti cha Amani, nikukumbushe ugonjwa mwingine ambao wanasayansi waliuelezea kwa mara ya kwanza hukohuko Amani mwaka 1936: michirizi ya kahawia. Huo ni mbaya kuliko batobato kwa sababu hukaa kimya. Majani yanaweza kukudanganya, ukaja kuchimba ukakuta muhogo umekauka na kuwa wa kahawia ndani. Huo haufai kuachwa shambani hata kidogo.

Shikamoo Mwalimu. Kama mimea ina kinga ya namna hiyo, kwa nini bibi yetu husimulia kwamba miaka ya tisini muhogo ulikwisha Uganda, kisha ukaja kukwisha kwetu? Na viazi vitamu vinavyodumaa navyo, kinga iko wapi? (Kijana, Bukoba)

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niipende kazi hii kwa muda mrefu kuliko mshahara wake ulivyostahili.

Virusi vimeishi na argonauti muda mrefu mno, navyo vimejifunza. Karibu kila kirusi cha mimea kina angalau protini moja ya kuvuruga unyamazishaji, na kila ukoo una mtindo wake. Vipo vinavyovishika vipande vyenyewe kabla argonauti haijavifikia. Vipo vinavyoiandama argonauti moja kwa moja: virusi vya kundi la polero vina protini iitwayo P0 inayoiwekea AGO1 alama ya kutupwa, na seli inaiharibu AGO1 yake kwa mikono yake mwenyewe. Nikifikiria hilo huwa nashindwa kuvichukia.

Aliyosimulia bibi yenu ni kweli, na chanzo chake kimechunguzwa sana. Kulikuwa na virusi viwili vya batobato, kimoja cha kundi la Afrika na kimoja cha Afrika Mashariki. Vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana sehemu ya maandishi, ikazaliwa aina mpya ambayo leo hubeba jina la Uganda. Wakulima wengi walijikuta na mimea yenye aina hiyo mpya pamoja na ile ya zamani kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo mimea iliyobaki vijiti vitupu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini wimbi likaingia Kagera.

Kwa nini viwili viwe vibaya kuliko kimoja na kimoja? Utafiti wa virusi vya makundi hayo mawili ulionyesha kwamba kila kimoja hutegemea protini tofauti kuvuruga kinga. Kimoja hutumia AC4, ambayo hushika uzi mmoja wa kipande kidogo na kuuzuia usifanye kazi yake. Kingine hutumia AC2, ambayo hufanya uharibifu wake kwenye hatua nyingine. Mmea ungeweza kuvumilia pigo moja. Ukipigwa mahali pawili, argonauti inabaki mikono mitupu.

Viazi vitamu ni kisa cha kutisha zaidi, nami nashangaa hakisimuliwi mashuleni. Kuna kirusi kinachobebwa na inzi weupe, na kingine kinachobebwa na vidukari. Hiki cha vidukari kikiwa peke yake, kiazi hakijali sana; mara nyingi hutaona dalili yoyote. Kile cha inzi weupe kinacho kimeng'enya ambacho huvikata vipande vya herufi 21, 22 na 24 mpaka vinabaki vifupi, karibu herufi 14, na kwa ufupi huo argonauti haiwezi kuvitumia. Mlango ukiwa wazi hivyo, cha vidukari huzaliana kupita kiasi, na shamba linadumaa, majani yanakuwa membamba, viazi haviweki. Watafiti walifanya jaribio zuri: walipandikiza jeni ya kimeng'enya kile peke yake ndani ya kiazi, bila kirusi chake, kisha wakakiambukiza kirusi cha vidukari. Kiazi kikaugua vibaya vilevile.

Michirizi ya kahawia nayo ina protini iitwayo P1. Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kirusi cha michirizi hakina kabisa ile protini ya kuvuruga kinga ambayo jamaa zake wengi huitegemea, na kwamba P1 ndiyo inayoshika kazi hiyo.

Mwalimu, mimi nasoma kidato cha sita mchepuo wa PCB. Je, binadamu tunazo argonauti? Kitabu chetu kinaishia DNA, RNA, protini. (Morogoro)

Tunazo nne, AGO1 hadi AGO4, na jamaa zao nne wa kundi la Piwi ambao hufanya kazi hasa kwenye korodani, wakizilinda chembe za uzazi dhidi ya DNA inayopenda kurukaruka kutoka mahali hadi mahali. Namba zisikuchanganye: AGO4 yako haina kazi ya AGO4 ya muhogo. Mkataji wako hodari ni AGO2.

Vipande vyetu vingi havitoki kwa virusi bali kwenye jeni zetu wenyewe. Vinaitwa mikro-RNA, vina herufi kama 22, na kwa kawaida havilingani na RNA vinayoilenga mpaka mwisho. Zile herufi za pili hadi nane zikikubaliana, mara nyingi inatosha. Hapo argonauti haikati. Huita protini nyingine zinazoipunguza RNA mkia wake wa herufi A, na RNA isiyo na mkia haidumu, tena haisomwi vizuri. Jeni haizimwi kabisa, inapunguzwa sauti. Zaidi ya nusu ya jeni zetu za kutengeneza protini zina sehemu za kusomwa hivyo.

Mikro-RNA ya kwanza ilipatikana mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun ndani ya mnyoo mdogo wa maabara, nao wakapewa Nobeli mwaka 2024, baada ya miaka 31. Andrew Fire na Craig Mello, walioonyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni kwenye mnyoo huohuo, walisubiri miaka minane tu. Argonauti yenyewe ilipewa jina mwaka huo huo wa 1998, na walioipa hawakujua kazi yake: waliona Arabidopsis yenye jeni hiyo mbovu ina majani membamba yaliyojiviringa, wakamkumbuka pweza mdogo wa bahari kuu aitwaye Argonauta. Kwamba ni yenyewe inayoshika kisu lilithibitishwa mwaka 2004.

Kwenye mtihani jibu kilichoulizwa. Haya ni yako.

Dada, mimi ni mama wa Kilifi. Tulisikia mwaka 2021 kwamba Kenya imeidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili usishikwe na michirizi. Kaka yangu anasema muhogo huo unanyamazisha jeni, na watoto wakiula zitanyamazishwa zao. Nimjibu nini? (Kilifi)

Dada yangu, mwambie kaka kwamba nusu ya kwanza amesema kweli.

Muhogo huo unaitwa 4046. Ulitengenezwa na watafiti wa taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda, pamoja na kituo cha Danforth cha Marekani, na kibali cha Juni 2021 kilitoka mamlaka ya Kenya inayosimamia bioteknolojia. Walichofanya ni kuuwekea mmea maandishi yanayotoa RNA inayojikunja yenyewe ikawa nyuzi mbili. Herufi zake zimechukuliwa kwenye jeni ya gamba la virusi viwili vya michirizi. Daisa inaikata, argonauti zinapewa vipande, na yote hayo yamefanyika kabla inzi mweupe wa kwanza hajatua. Protini ya virusi haitengenezwi hata moja.

Sasa nusu ya pili. RNA ni kitu dhaifu kupita kiasi. Maabara tulivaa glavu kuilinda na vidole vyetu wenyewe, maana ngozi ina vimeng'enya vya kuiharibu, na sampuli iliyosahauliwa mezani kabla ya chakula cha mchana ulirudi ukakuta imekwisha kazi. Mate, tumbo na utumbo vina vimeng'enya hivyohivyo kwa wingi, tena chakula chenyewe kimepikwa. Hata kikipenya kimoja, kinapaswa kulingana na RNA ya mtu ndipo argonauti ya mtu iwe na la kufanya nacho, na hiki kimeandikwa kwa herufi za virusi.

Lakini jibu ambalo mimi ningeanza nalo ni jingine. Kila mara familia yenu ilipokula muhogo au kisamvu cha shamba lenye michirizi, mlikula vipande vya namna hiyohiyo, vya virusi vilevile, kwa sababu mmea mgonjwa hujitengenezea wenyewe. Pwani tumevila tangu enzi za bibi zetu.

Kaka akitaka kuukosoa muhogo ule, ana pa kushika. Hauzuii batobato kwa njia hiyo, kwa sababu virusi vya batobato vina maandishi tofauti na argonauti haitakata isichopewa. Virusi vya michirizi vikibadilika sana, vipande vinaweza kuacha kulingana. Na mimi ningesimama barazani niulize pingili zitatoka kwa nani, kwa bei gani, na kama nitaruhusiwa kumgawia jirani kama tulivyozoea.

Shikamoo Bibi. Baba yangu ana lehemu nyingi kwenye damu. Daktari amemwanzishia sindano iitwayo inclisiran, ataichoma mara mbili kwa mwaka. Nimesoma kwamba ni RNA. Sindano mbili zinatoshaje mwaka mzima, na je, inabadilisha DNA yake? (London)

Marahaba mjukuu wangu. Haibadilishi DNA. Inafika kwenye nakala tu.

Inclisiran ni kipande cha nyuzi mbili kilichotengenezwa kiwandani na kuunganishwa na sukari maalumu ambayo seli za ini huikamata na kuiingiza ndani. Ndani ya ini AGO2 ya baba yako mwenyewe hutupa uzi mmoja, hubaki na mwingine, na huanza kukata RNA ya jeni iitwayo PCSK9. Protini ya jeni hiyo huharibu vipokezi ambavyo ini hutumia kuchota lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Ikipungua, vipokezi vinabaki vingi, na lehemu hiyo hushuka kwa karibu nusu.

Nilisema mwanzo kwamba RNA ni dhaifu. Hii imebadilishwa kikemia ili vimeng'enya visiishambulie upesi. Sehemu yake hukaa imehifadhiwa ndani ya seli na kutoka kidogokidogo, na kila kipande kilichoingia kwenye AGO2 hukata nakala moja baada ya nyingine bila kwisha. Ratiba ni sindano ya kwanza, ya pili baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Jeni ya PCSK9 iko palepale ikiendelea kunakiliwa, na sindano zikikoma, protini itarudi taratibu na lehemu itapanda tena.

Kama baba anameza pia vidonge vya kupunguza lehemu, asiviache kwa sababu ya sindano mpaka daktari aliyempa aseme.